Maswali Yenu kwa Daktari: Homoni ya Ukuaji Haiji Peke Yake

Katika toleo lililopita niligusia, kwa sentensi mbili tu, kwamba homoni ya ukuaji ya binadamu ina maumbo kadhaa. Sentensi hizo mbili zimeleta barua nyingi kuliko yote mengine niliyoandika ukurasa ule. Nimefurahi, maana hili ndilo jambo nililolishughulikia muda mrefu kuliko jingine lolote. Kabla sijaanza kuona wagonjwa nilikuwa maabara, nikipima homoni kwenye damu ya watu nisiowajua hata sura. Karibu kila barua inauliza kiasi: je, inatosha, imezidi, imepungua? Mtaona kwamba mimi huanza na swali jingine: ni ipi?

Shikamoo daktari. Nafundisha baiolojia sekondari. Kitabu chetu kinasema homoni ya ukuaji hutengenezwa na tezi ya pituitari, basi. Mwanafunzi wangu ameniuliza kama ni kweli zipo zaidi ya moja, nikamwahidi jibu. Nimwambie nini?
*Mwalimu wa baiolojia*

Marahaba, mwalimu. Mwambie ni kweli, na umpongeze kwa kuuliza.

Anzia kwenye jeni. Katika mkono mrefu wa kromosomu ya 17 kuna jeni tano zilizopangana mfululizo, zinazofanana kiasi kwamba huna shaka zimetokana na jeni moja ya kale iliyojirudufu. Ya kwanza, GH1, hufanya kazi kwenye pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Nne zilizobaki hufanya kazi kwenye kondo la nyuma wakati wa ujauzito. Mbili kati ya hizo, CSH1 na CSH2, hutengeneza laktojeni ya kondo, homoni nyingine ya ujauzito. Moja, CSHL1, wataalamu wengi huihesabu kuwa jeni bubu. Na moja, GH2, hutengeneza homoni ya ukuaji ya pili, ambayo nitaieleza kwa kirefu hapo chini nikimjibu mama mjamzito.

Hapo tayari una homoni mbili kutoka jeni mbili. Lakini hata GH1 peke yake haitoi kitu kimoja. Bidhaa yake kuu ni mnyororo wa amino asidi 191 wenye uzito wa kilodaltoni 22 (kilodaltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli), na hiyo ndiyo iliyomo kitabuni mwenu. Kabla ya kuitengeneza, seli hunakili jeni katika ujumbe mrefu, kisha hukata vipande visivyohitajika na kuunga vinavyobaki. Ni kazi ya fundi cherehani: kitambaa ni kile kile, lakini mkasi ukiingia ndani kidogo, nguo hutoka fupi. Vipande vinavyobaki huitwa eksoni. Mara chache mkasi huo huingia ndani ya eksoni ya tatu, na amino asidi 15, kuanzia ya 32 hadi ya 46, huachwa nje. Hapo hupatikana homoni ya kilodaltoni 20, yenye amino asidi 176. Kundi la U. J. Lewis huko Marekani ndilo lililoieleza mwaka 1978, na leo tunaikadiria kuwa kati ya asilimia 5 na 10 ya homoni yote ya ukuaji inayotoka pituitari. Na pale eksoni ya tatu inapoachwa yote, hutoka umbo la kilodaltoni 17.5. Kwa mtu mzima wa afya umbo hilo ni dogo mno kwa kiasi, ila lina habari nzito, nitaifikia.

Usiishie hapo. Homoni zikishaingia kwenye damu, baadhi hushikana mbili mbili au zaidi. Takriban nusu ya zile za kilodaltoni 22 husafiri zikiwa zimeshikwa na protini ya kuzibeba, na protini hiyo ni sehemu ya nje ya kipokezi cha homoni yenyewe, yaani mlango wa seli unaoipokea, iliyokatwa kutoka juu ya seli na kuachiwa ielee. Kwa hiyo mwanafunzi wako akiona karatasi ya maabara imeandika "homoni ya ukuaji" na namba moja pembeni, ajue nyuma ya namba hiyo kuna kundi zima.

Kama muda wa kipindi unaruhusu, waonyeshe pia jinsi homoni inavyofanya kazi, maana mimi sijaona jambo zuri kuliko hili katika somo lote la homoni. Molekuli moja ya homoni ina pande mbili za kushikia, na hushika vipokezi viwili kwa wakati mmoja. Umbo hilo la moja kwa mbili lilionekana wazi kwenye picha ya fuwele iliyochapishwa mwaka 1992. Vipokezi vikishikwa hivyo, ndani ya seli kimeng'enya kiitwacho JAK2 huamka, nacho huwasha protini nyingine, hasa STAT5b, na kwenye ini matokeo yake makubwa ni kutengenezwa kwa IGF-1, kichocheo cha ukuaji kinachofanana na insulini, ambayo hushirikiana na homoni yenyewe kurefusha mifupa. Sasa, John Kopchick na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ohio walibadilisha amino asidi moja tu, glisini ya nafasi ya 120, upande wa pili wa homoni. Homoni ikaweza kushika kipokezi lakini isiweze kukiamsha. Kutokana na ugunduzi huo ikatengenezwa dawa ya pegvisomanti, inayowasaidia watu wenye akromegali, yaani wale ambao uvimbe wa pituitari unamwaga homoni ya ukuaji kupita kiasi. Amino asidi moja tu, mwalimu, na kazi ya homoni ikageuka kuwa kinyume chake.

Daktari, nasomea ufamasia mwaka wa tatu. Hiyo ya kilodaltoni 20 ina kazi gani yake yenyewe? Kila ninaposoma napata majibu yanayopingana.
*Mwanafunzi wa ufamasia*

Majibu yanapingana kwa sababu inayoeleweka. Watafiti wa mwanzo waliichuja kutoka kwenye pituitari za binadamu, na ni vigumu mno kuitenga na ndugu yake ya kilodaltoni 22 ambayo ni nyingi kuliko yenyewe. Kiasi kidogo cha uchafu kilitosha kupotosha jaribio. Katika miaka ya 1990 Wajapani walipoitengeneza ikiwa safi kwa njia ya uhandisi jeni, baadhi ya mambo yalinyooka.

Yaliyonyooka ni haya. Inakuza mwili wa panya walioondolewa pituitari, na nguvu yake haiko mbali na ile ya kilodaltoni 22. Inashikana hafifu zaidi na protini ya kuibeba kwenye damu. Inashikana hafifu zaidi pia na kipokezi cha prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa, na hilo si dogo, kwa sababu homoni ya ukuaji ya binadamu ina tabia ya kugonga milango ya prolaktini pamoja na ya kwake. Kuhusu sukari ndiko ugomvi ulikobaki. Palikuwa na matumaini makubwa kwamba umbo hili lingekuza bila kuvuruga sukari, na kila kundi lililopima kwa mnyama tofauti au kipimo tofauti lilitoka na jibu lake.

Mimi nina msimamo wangu, na nakupa sababu. Kwanza, pituitari huachilia maumbo haya mawili pamoja. Ukimchokoza mtu kwa mazoezi au kwa dawa, yote hupanda na uwiano wake haubadiliki sana. Pili, watoto wenye upungufu wa homoni ya ukuaji wamekuwa wakichomwa sindano yenye kilodaltoni 22 peke yake tangu mwaka 1985, na wanakua. Kama la kilodaltoni 20 lingekuwa la lazima kwa urefu, tungeliona pengo hilo kwa watoto hao. Kwa hiyo kama lina kazi ya peke yake, itafute kwenye mafuta na sukari, usiitafute kwenye mfupa.

Ukimaliza hapo soma kuhusu vipande. Homoni hii ikikatwa baada ya amino asidi ya 43, kipande kifupi cha mbele kimeonyesha kwa wanyama kwamba kinaisaidia insulini, na kile kirefu cha nyuma kinaipinga. Na kipande cha kilodaltoni 16 huzuia kuota kwa mishipa midogo ya damu, wakati homoni nzima huichochea. Utafiti wa mwaka 1999 ulionyesha tabia hiyo hiyo ya kupingana kwa familia nzima: homoni ya ukuaji, ile ya kondo, laktojeni ya kondo na prolaktini. Kwa mtu anayetafuta mada ya shahada ya uzamili, hapo pana kazi ya miaka mingi.

Ni kweli dawa hii ilikuwa ikitolewa kwa maiti?
*Msomaji wa siku nyingi*

Ni kweli. Choh Hao Li na Harold Papkoff waliichuja homoni ya ukuaji kutoka pituitari za binadamu mwaka 1956, na mwaka 1958 Maurice Raben alitoa taarifa ya kijana aliyeanza kukua baada ya kuchomwa. Ya wanyama wa kawaida haikufaa, kwa kuwa kipokezi chetu hakiitambui homoni ya ng'ombe wala ya nguruwe. Ikabidi pituitari zikusanywe kwa waliofariki. Mwaka 1985 ilibainika kwamba vijana waliowahi kuchomwa walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob, unaoharibu ubongo, uliotoka kwa baadhi ya maiti hizo. Nchi nyingi zikaisimamisha papo hapo, na mwaka huo huo Marekani ikaidhinisha ile inayotengenezwa na bakteria. Ya leo haina uhusiano wowote na maiti. Ila kumbuka tofauti moja: ile ya zamani ilikuwa na maumbo yote, ya sasa ina la kilodaltoni 22 tu. Tofauti hiyo ndiyo iliyokuja kuwaumbua wadanganyifu wa michezo, kama utakavyosoma.

Daktari, nina ujauzito wa miezi mitano. Miaka minne iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa uvimbe wa pituitari. Nimekuwa nikitumia vidonge vya kotisoli na vya tezi ya shingo, na sindano ya homoni ya ukuaji. Daktari wangu ameisimamisha sindano. Silali. Mtoto wangu atakua vipi kama mimi mwenyewe sina homoni ya ukuaji?
*Mama mtarajiwa*

Mwanangu, nimeisoma barua yako kabla ya zote na nimeijibu kwa furaha, kwa sababu mwili wako unafanya jambo ambalo pituitari yako haikuliweza.

Nilimwambia mwalimu hapo juu kuhusu jeni ya GH2. Jeni hiyo inalala maisha yote ya mtu na huamka kwenye kondo la nyuma pekee. Protini yake inatofautiana na ya pituitari kwa amino asidi 13 tu kati ya 191. Mwaka 1985 kundi la Liège huko Ubelgiji, akina Hennen na Frankenne, ndilo lililoonyesha kwamba homoni hiyo kweli imo kwenye damu ya wajawazito. Kuanzia takriban wiki ya 15 hadi ya 20 huanza kuchukua nafasi ya homoni ya pituitari, na kuelekea mwisho wa ujauzito ya pituitari karibu hupotea kabisa, hata kwa mwanamke ambaye pituitari yake ni nzima. Kwa maneno mengine, katika nusu ya pili ya ujauzito kila mama anaishi kwa homoni ya ukuaji ya kondo. Wewe na jirani yako asiye na tatizo lolote mmekuwa sawa kwa hilo. Wanawake wenye upungufu kama wako wamepimwa, na IGF-1 yao hupanda kadiri ujauzito unavyosonga bila kuchomwa sindano. Ndiyo maana madaktari wengi huisimamisha, na wa kwako amefuata njia hiyo.

Homoni hii ina tabia tofauti na dada yake. Ya pituitari hutoka kwa vishindo, hasa usiku, kisha hunyamaza. Ya kondo hutoka mfululizo, mchana na usiku, bila kungoja amri ya ubongo. Haiingii kwenye damu ya mtoto. Inafanya kazi kwa mama. Husukuma IGF-1 yako juu, na inasaidia kuufanya mwili wako uwe mgumu kidogo kwa insulini, ili glukosi ibaki kwenye damu na imfikie mtoto. Panya waliowekewa jeni hii wakaitengeneza kwa wingi walipata ukinzani wa insulini. Ndiyo sababu pia utapimwa sukari, na usikose kipimo hicho. Tena, katika ujauzito ambao mtoto hakui vizuri tumboni, watafiti wamekuta kiwango cha homoni hii kiko chini.

Kuhusu mtoto: ukuaji wake tumboni hautegemei sana homoni ya ukuaji, iwe yako au yake. Hutegemea chakula kinachopita kwenye kondo, insulini yake, na IGF zake mwenyewe. Hata watoto wanaozaliwa bila homoni ya ukuaji kabisa huwa na urefu wa karibu na kawaida siku wanapozaliwa. Kuchelewa huonekana baadaye. Na zimeripotiwa mimba ambazo kondo lilikosa jeni ya GH2 pamoja na zile za laktojeni, na baadhi ya watoto hao walizaliwa salama. Mwili una njia zaidi ya moja.

Lililo muhimu kuliko yote niliyosema: vidonge vya kotisoli na vya tezi ya shingo usiviache hata siku moja. Kondo halikufanyii kazi hizo. Mara nyingi dozi huhitaji kuongezwa ujauzito unapokua, na siku ya uchungu utahitaji kotisoli ya ziada kwa sindano. Hakikisha iandikwe kwenye kadi yako ya kliniki kwa herufi kubwa, na mwambie mwenzako naye aijue. Baada ya kujifungua homoni ya kondo huondoka kwenye damu ndani ya saa chache tu, kwa hiyo uchovu wa zamani ukirudi baadaye, usidhani ni ulezi peke yake. Rudi kwa daktari wako mzungumze kuhusu sindano.

Mimi ni mfupi sana, na binti yangu wa miaka saba naye ni mfupi. Mama yake ni wa kimo cha kawaida. Tumepimwa, tumeambiwa jeni moja ya homoni ya ukuaji ina kasoro na nyingine ni nzima. Kwa nini ile nzima isitoshe?
*Baba wa binti mmoja*

Umeuliza swali ambalo wataalamu walihangaika nalo. Kwa kawaida nakala moja nzima hutosha. Mtoto akikosa nakala zote mbili za GH1, hapo tunaelewa. Tena watoto wa namna hiyo wakichomwa homoni, kinga ya mwili inaweza kuiona ngeni na kuitengenezea kingamwili, na dawa ikapoteza nguvu.

Kwenu ni tofauti. Kasoro ya aina hii mara nyingi hukaa pale kwenye maelekezo ya kukata na kuunga, kwa hiyo eksoni ya tatu huachwa mara nyingi mno, na lile umbo la kilodaltoni 17.5 hutengenezwa kwa wingi. Limekosa amino asidi ya 32 hadi ya 71, haliwezi kujikunja vizuri, na linakwama ndani ya seli. Likikwama linazuia na lile zuri kutoka, na seli zenyewe za pituitari huanza kuumia. Ndiyo maana inatoka kwa mzazi mmoja moja kwa moja hadi kwa mtoto, na kila mtoto wako ana nusu ya uwezekano wa kuirithi, awe wa kike au wa kiume.

Binti yako anaweza kutibiwa kwa sindano za kilodaltoni 22, na watoto wa aina yake huitikia vizuri. Umri wa miaka saba ni umri mzuri wa kuanza. Ila nakuomba jambo moja ambalo kliniki nyingine huweza kulisahau: kwa baadhi ya watu wa familia kama yenu, homoni nyingine za pituitari nazo hupungua miaka ikienda, kwa sababu uharibifu husambaa kwenye tezi. Apimwe mara kwa mara hata akishafikia kimo chake. Na wewe pia. Hukusema kama umewahi kupimwa homoni nyingine tangu utu uzima.

Mwanangu wa kiume ana miaka tisa na ndiye mfupi kuliko wote darasani. Maabara ya kwanza ilisema homoni ya ukuaji iko chini sana. Nikaenda nyingine, ikasema ni ya kawaida. Nani ananidanganya?
*Baba mwenye wasiwasi*

Huenda hakuna, baba. Nadhani hukupewa muda wa kuelezwa, na hilo linaniuma, kwa sababu umetumia fedha na usingizi wako.

Homoni ya ukuaji hutoka kwa vishindo. Nilipokuwa maabara tulikuwa tukichukua damu kila baada ya dakika 20 usiku kucha kwa watu waliojitolea, na grafu yake ilikuwa vilele vichache virefu, kikubwa zaidi mara nyingi mwanzoni mwa usingizi mzito, na katikati karibu hakuna kitu. Nusu ya homoni iliyomo kwenye damu hutoweka kwa takriban dakika 15 hadi 20. Kwa hiyo mtoto mzima kabisa akitolewa damu mara moja mchana, anaweza kuonekana hana homoni. Kipimo kimoja cha ghafla hakifai kuamua upungufu kwa mtoto wa umri wake. Kinachotumika ni kumchokoza mwilini kwa dawa kama klonidini, ajinini, glukagoni au insulini chini ya uangalizi, kisha damu kutolewa mara kadhaa, na kwa kawaida vipimo viwili tofauti huhitajika.

La pili ni lile ninalolirudia leo. Mashine za maabara hutumia kingamwili kuikamata homoni, na kila kingamwili ina umbo linaloipendelea. Mashine moja hukamata kilodaltoni 22 tu, nyingine hukamata na 20, nyingine na zile zilizoshikana mbili mbili. Damu ile ile ikipita kwenye mashine mbili inaweza kutoa namba zilizopishana sana, na kila moja ikawa imefanya kazi yake sawasawa. Ndiyo sababu wataalamu walikubaliana vipimo vioanishwe na sampuli rejea moja ya kimataifa, yenye kilodaltoni 22 safi. Uliza maabara zako zote mbili zinatumia kipimo gani, na mpaka wa "kawaida" umewekwa kwa kipimo hicho hicho au umenakiliwa kwingine.

Lakini kabla ya damu, chukua futi kamba. Mtoto wa kati ya miaka minne na balehe huongezeka takriban sentimita 5 kwa mwaka. Kama mwanao anaongezeka hivyo, hata akiwa wa mwisho darasani, moyo wangu umetulia kwa sehemu kubwa. Kama amesimama, au kasi yake imeshuka, hapo nina haraka. Mwombe daktari apige eksirei ya mkono wa kushoto aone umri wa mifupa, apime tezi ya shingo, figo, utumbo na IGF-1, na aangalie kimo chako na cha mama yake. IGF-1 nayo isome kwa uangalifu, maana hushuka mtoto asipokula vizuri. Homoni ya ukuaji ni sababu mojawapo tu ya ufupi, na si ya mara nyingi.

Mimi ni kocha wa riadha. Nasikia homoni ya dukani ni sawa kabisa na ya mwilini. Sasa wanakamataje?
*Kocha*

Kocha, molekuli ni sawa, lakini kundi si sawa. Pituitari huachilia maumbo yake yote. Chupa ina kilodaltoni 22 pekee. Mtu akijichoma, kilodaltoni 22 hupanda, na ubongo ukiona homoni imejaa huifunga pituitari, kwa hiyo maumbo mengine hupungua. Watafiti wa Ujerumani, Wu, Bidlingmaier na Strasburger, walichapisha wazo hilo mwaka 1999: pima damu kwa kingamwili mbili, moja inayopendelea kilodaltoni 22 na nyingine inayokamata maumbo ya pituitari kwa ujumla, kisha tazama uwiano. Kipimo hicho kilianza kutumika kwenye Olimpiki ya Athens mwaka 2004, na mwaka 2010 mchezaji wa raga wa Uingereza akawa wa kwanza kufungiwa kwa kipimo hicho.

Kipimo hicho huona siku moja hadi mbili tu nyuma, ndiyo maana wapimaji huja bila taarifa. Kipo cha pili, kilichotumika kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012, kinachopima IGF-1 pamoja na alama ya utengenezaji wa kolajeni, nacho huona nyuma zaidi.

Naheshimu sana jinsi sayansi hii ilivyokubali kuhojiwa. Mwaka 2013 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ilimfutia adhabu mtelezaji wa theluji wa Estonia, Andrus Veerpalu, kwa kuwa mipaka ya uwiano haikuwa imethibitishwa vya kutosha, ingawa iliona njia yenyewe ya kupima ni ya kuaminika. Mipaka ikafanyiwa kazi upya. Vijana wako waambie hilo lote. Na waambie pia kwamba homoni hii huvimbisha viungo, huleta maumivu ya maungio, na huweza kuleta kisukari. Wala aliyeshamaliza balehe hairefushi hata sentimita, maana gegedu za ukuaji kwenye mifupa yake zimeshafunga.

Naona mtandaoni wanauza kipande cha homoni ya ukuaji, AOD-9604, wanasema kinachoma mafuta bila madhara. Nimeshanunua.
*Mpenda mazoezi*

Kipande hicho ni mkia wa homoni, amino asidi za mwisho kabisa. Wazo lilikuwa na maana, kwa sababu sehemu hiyo ilionekana kuyeyusha mafuta kwa panya. Kikajaribiwa kwa binadamu wenye unene nchini Australia, hakikupunguza uzito kwa kiwango cha kuridhisha, na mwaka 2007 mradi wa kukifanya dawa ya unene ukasimamishwa. Hakijaidhinishwa kuwa dawa ya kupunguza uzito, na kwa wanamichezo kimepigwa marufuku. Tena kilichojaribiwa pale kilitoka kiwandani kikiwa kimekaguliwa. Kilichomo kwenye chupa yako hakuna anayekukagulia.

Usijichome. Kama umeshaanza, acha sasa, na uende hospitali ukapimwe sukari na waangalie mahali ulipochoma kama pana uvimbe au usaha. Chukua na chupa yenyewe uwaonyeshe.